Kwa nini injini za magari madogo ya mtumba zinakufa mapema hapa Dodoma?

Mwalimu wa Kisasa

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Ninaomba maelezo ya kitaalamu kuhusu jambo ambalo limewatia hasara watu wengi ninaowafahamu hapa Dodoma, nami nikiwa mmoja wao.

Tangu serikali ilipohamia huku, watumishi wengi tumenunua magari madogo yaliyotumika Japani, kwa sababu hayali mafuta sana na ushuru wake ni nafuu kuliko wa magari yenye injini kubwa. Mtu anayeishi Nzuguni, Kisasa au Nkuhungu na kufanya kazi Mji wa Serikali wa Mtumba anahitaji usafiri wa uhakika kila siku, na gari dogo ndilo linaloendana na mshahara. Lakini kila nikikaa na wenzangu nasikia habari ile ile: injini ya huyu imenoki, ya yule inakula oili, ya mwingine imechemka njiani na hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, imepinda.

Gari langu lina injini ya silinda 3 isiyofika ujazo wa lita 1. Liliponifikia kutoka bandarini lilikuwa linasoma chini ya kilomita 70,000, na mwanzoni halikunisumbua hata kidogo. Baadaye lilianza kupunguza maji, na fundi akaondoa themostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, akisema kwamba katika nchi ya joto kifaa hicho hakina kazi. Kwa muda hali ilitulia. Kisha nilisafiri kwenda Morogoro, na tulipokuwa tunapanda kuelekea Gairo taa nyekundu ya joto iliwaka. Nilisimama hapo hapo, lakini fundi mwingine aliyefungua injini anasema hedi imepinda, silinda moja imekwaruzwa, na kwamba nafuu yangu ni kutafuta injini nyingine ya mtumba.

Ninachotaka kuelewa kabla sijatoa fedha nyingine ni chanzo. Nimeambiwa kwamba injini ndogo haziwezi mazingira ya huku, kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya mijini tu. Ninapata shida kulikubali hilo, kwa kuwa magari ya aina hiyo hiyo ninayaona yakifanya kazi ya teksi kuanzia alfajiri hadi usiku, mwaka hadi mwaka, bila kufunguliwa injini. Kama udogo ndio kosa, hayo yanaponaje?

Fundi Hedi, Majengo

Marahaba mwalimu, na pole sana kwa hasara hiyo. Kazi yangu ni kusawazisha uso wa hedi na kupima silinda, kwa hiyo injini zinanifikia zikiwa zimekwisha kufunguliwa, na sehemu zake huwa zinaonyesha wazi kilichoziua. Udogo si kosa. Injini nyingi ndogo zinazoletwa kwangu hazikuchakaa kwa kazi. Zimechemka, au zimekosa oili, na mara nyingi kuchemka kulianza miezi mingi kabla ya siku ambayo mwenye gari aliiona ile taa nyekundu.

Naomba nieleze upande wa maji kwa kirefu, kwa sababu ndio unaopuuzwa zaidi na ndio ambao Dodoma ina matatizo yake ya pekee.

Mji wetu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ina mgandamizo mdogo kuliko Dar es Salaam, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Themostati ya mengi ya magari haya huanza kufunguka karibu na nyuzi 82, na injini ikiwa kazini maji yake huzunguka yakiwa na nyuzi 85 hadi 95, na hupanda zaidi ya hapo mlimani. Mtu akitazama namba hizo ataona kwamba, kama maji yangekuwa wazi, injini nzima ingekuwa inafanya kazi kwenye ukingo wa kuchemka. Kinachoyazuia yasitokote ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ule una springi na mpira, na kwa magari mengi umeandikwa 1.1 au 108, maana yake unashikilia presha inayopandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Mpira ukikakamaa au springi ikilegea, kinga hiyo yote inaondoka, na injini iliyokuwa inavumilia nyuzi 105 kwenye kilima bila shida itaanza kutokota kwenye kilima kile kile. Nimeona watu wakibadilisha rejeta, pampu ya maji na hata gasketi ya hedi huku mfuniko wa zamani, ambao ni kitu cha bei ndogo kabisa, ukirudishwa mahali pake.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma inatoka ardhini, kwenye visima vya Makutupora na visima vya mitaani, na kila anayechemsha chai hapa anaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huo huo unaganda ndani ya rejeta, ambayo njia zake ni nyembamba mno, na unaganda pia kwenye kuta za silinda kwa upande wa maji, ambako hauonekani hadi injini ifunguliwe. Tabaka jembamba tu la ukoko linazuia joto lisihame kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji. Zaidi ya hapo, maji ya chumvi yanakula aluminiamu, na injini hizi karibu zote zina hedi ya aluminiamu, na nyingi zina bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya aluminiamu pia. Mara nyingi napokea hedi ambayo njia zake za maji zimelika kiasi kwamba gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku haina tena mahali pa kukalia, na hapo hata nikisawazisha uso namna gani, itavuja.

Kulanti halisi, yaani kipozeo cha rangi kinachojazwa kwenye rejeta, haikuwekwa ili kupendezesha maji kwa rangi. Ina dawa inayozuia kutu na ukoko, inapandisha kiwango cha kuchemka, na inalainisha sili ya pampu ya maji. Lakini kuna chupa zinazouzwa barabarani ambazo ndani yake ni maji yaliyotiwa rangi ya kijani au nyekundu tu, na mwenye gari anaondoka akiamini kwamba amelinda injini yake. Anayeshindwa kupata kulanti ya kuaminika ni afadhali atumie maji ya betri yasiyo na asidi au maji safi ya mvua kwa muda mfupi kuliko maji ya bomba au ya kisima, mradi aelewe kwamba maji matupu hayana ile dawa.

Sasa nifike kwenye themostati, ambayo uliondolewa. Huu ni utaratibu ulioenea sana katika gereji, nami nasema bila kusita kwamba umeua injini nyingi. Gari linapopunguza maji, kuna sababu: mfuniko, mpira uliopasuka, pampu inayovuja, rejeta iliyoziba, au gasketi iliyoanza kuachia. Ukiondoa themostati joto linashuka kwa muda, dalili inajificha, na sababu inaendelea kukua. Tena katika injini kadhaa za Toyota za aina hii, themostati ina vali ya pili ambayo injini ikipata moto huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Themostati ikiondolewa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji haipozwi kabisa wakati ambapo gari linapanda mlima na kuhitaji kupozwa kuliko wakati wowote. Ndiyo maana gari lisilo na themostati linaweza kutembea vizuri mjini na kuchemka kwenye safari. Upande wa pili, asubuhi za baridi za Juni na Julai injini kama hiyo inachelewa sana kupata moto, kompyuta inaendelea kuongeza petroli, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kuhusu taa nyekundu: mengi ya magari madogo hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu ya injini baridi na taa nyekundu ya injini iliyopita kiasi, na katikati hapo dereva haambiwi chochote. Vilevile sensa inapima maji. Kama maji yamekwisha kutoka na sensa imebaki kwenye mvuke, inaweza kusoma joto la chini huku hedi ikiungua. Mtengenezaji huruhusu uso wa hedi upinde hadi milimita 0.05 tu kwa injini kama 1NZ ya Toyota, na kiasi hicho ni chembamba kuliko unywele wa kichwani. Ulisimama mara moja, mwalimu, na ulifanya sawa, lakini inawezekana kabisa kwamba uharibifu ulikwisha kutokea kabla taa haijawaka.

Dereva wa Sabasaba

Dada mwalimu, pole. Umeuliza kwa nini teksi zinadumu, nami nikiwa na magari mawili ya aina hiyo barabarani ninaweza kukujibu.

Teksi inawashwa asubuhi na inabaki na moto hadi usiku. Injini inayobaki na moto haichakai kama ile inayowashwa, ikatembea kilomita 3 hadi sokoni, ikazimwa ikiwa bado haijapata joto lake. Katika safari fupi, maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki ndani ya oili, yanachanganyika na petroli ghafi, na oili inageuka kuwa uji mweusi unaoziba njia. Hili si jambo la kwetu tu. Kwa injini za kawaida za petroli, Toyota nchini Japani huelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au kila mwaka, lakini kwa gari linalofanya kazi katika mazingira magumu muda huo unakatwa nusu, yaani kilomita 7,500 au miezi 6, na katika orodha yao ya mazingira magumu zimo barabara mbaya, milima, pamoja na safari fupi za mara kwa mara zisizozidi kilomita 8.

Hapo ndipo ninapowaomba ndugu zangu wanaoagiza magari wafikiri upya kuhusu kilomita chache. Gari la miaka 15 lenye kilomita 60,000 limetembea wastani wa kilomita 4,000 kwa mwaka, ambazo ni kilomita 11 kwa siku. Huenda lilikuwa la mtu aliyekwenda dukani na kurudi. Kama alibadilisha oili kwa kuhesabu kilomita na si miezi, injini hiyo inaweza kuwa chafu ndani kuliko ya gari lililotembea kilomita 130,000 kwenye barabara kuu na kuhudumiwa kwa wakati. Huo ni uwezekano wa kwanza. Uwezekano wa pili ni kwamba kilomita hizo zilirudishwa nyuma njiani. Hati ya Kijapani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje huandikwa usomaji wa kilomita, kwa hiyo muuzaji akikwambia hati hiyo haipo, ni afadhali utafute gari jingine.

Lakini sababu kubwa ya teksi kudumu ni kwamba dereva anaishi kwa gari lile. Kila asubuhi kabla ya kuwasha anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha na kukisoma. Mwenye gari binafsi anasubiri taa. Ninasisitiza hapa kwa sababu watu wengi hawajui: taa nyekundu ya oili haipimi kiasi cha oili, inapima presha, na huwaka presha ikiwa imeshuka karibu na sifuri. Siku inapowaka, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) imekwisha kugusa beringi kavu kwenye kona na kwenye vilima mara nyingi.

Fikirieni hesabu hii. Injini hizi za silinda 3 zinabeba oili takriban lita 3 tu. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji huhesabu ulaji wa hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000 kuwa bado unakubalika. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam na kurudi ni kama kilomita 900. Kwa hiyo injini inayokula oili kwa kiwango hicho inaondoka na karibu theluthi ya oili yake yote katika safari moja ya kwenda na kurudi, na mwenye gari anayesubiri kilomita 5,000 za kumwaga oili atakuwa ameua injini kabla hajazifikisha. Injini kubwa ya lita 6 za oili ingemvumilia kwa muda mrefu zaidi. Ndogo haina akiba hiyo, na hapo, Fundi, ndipo ninapotofautiana nawe kidogo: udogo si kosa, lakini unapunguza nafasi ya kusamehewa.

Mfanyabiashara wa Nkuhungu

Nimewasoma wote. Mimi naona mnakwepa mambo mawili yaliyo wazi. La kwanza ni petroli ya kuchakachuliwa. La pili ni oili nyepesi kama maji inayoandikwa 0W-20 au 5W-30, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japani. Katika joto la Dodoma oili hiyo haiwezi kulinda chuma. Mimi ninaweka nzito, 20W-50, katika kila gari ninaloleta, na moshi unapungua.

Fundi Hedi, Majengo

Ndugu yangu, la petroli ni kweli kwa kiasi. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli yanasababisha injini igonge na inaweza kutoboa pistoni. Hata hivyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 utaratibu wa vinasaba, yaani alama inayotiwa kwenye mafuta ili uchakachuaji ugundulike, na uharibifu wa aina hiyo siuoni mezani kwangu kama nilivyokuwa nikiuona zamani.

La oili linahitaji maelezo zaidi. Namba ya mwisho, ile 20, 30 au 50, inaeleza uzito wa oili injini ikiwa na nyuzi 100 ndani, na injini yenye themostati nzima inafanya kazi katika joto linalokaribiana iwe kwenye baridi ya Hokkaido, Japani, au Dodoma. Ni kweli kwamba vitabu vya baadhi ya injini hizi vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za joto vinaruhusu oili nzito kiasi kuliko ile ya Japani, na kwa injini iliyolegea kidogo mimi mwenyewe nakubali kupanda ngazi moja. Kuruka hadi 20W-50 ni jambo jingine. Injini hizi zina cheni ya taiming inayokazwa kwa presha ya oili, na zile zenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali, zina vali ndogo yenye kichujio chembamba sana. Oili nzito inachelewa kufika huko asubuhi, na ule mlio wa cheni unaosikika injini inapowashwa ni chuma kinachojitafuna. Moshi unapungua kwa kuwa oili nzito inapita kwa shida kwenye ringi zilizoganda, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande kuungua. Ringi zinabaki zimeganda vile vile.

Mhandisi wa Ilazo

Ninaongeza jambo moja ili mjadala usimbebeshe mwenye gari lawama zote. Zipo injini zilizotoka kiwandani na udhaifu wa muundo, na hizo zinatakiwa kufahamika kwa majina kabla ya kununua.

Ili gari litumie petroli kidogo, wahandisi wamepunguza msuguano, na moja ya njia zao ni kuzifanya ringi za pistoni ziwe nyembamba na zisibane sana kwenye silinda. Ringi za namna hiyo zinafanya kazi vizuri maadamu oili ni safi. Oili ikichafuka, masizi yanajaza mifereji yake na vitundu vya kurudishia oili ndani ya pistoni, ringi inaganda, na injini inaanza kula oili. Mfano unaojulikana dunia nzima ni 1ZZ-FE ya Toyota, ile ya lita 1.8. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na vitundu vichache na vidogo kwenye pistoni, na mtengenezaji akazibadilisha pistoni hizo katika matoleo ya baadaye. Mfano mwingine, ingawa si wa gari dogo, ni 2AZ-FE ya lita 2.4, ambayo nyuzi za bolti za hedi ndani ya bloku ya aluminiamu zilikuwa zinang'oka na kusababisha maji kuvuja kwa nyuma. Mtu anayepewa injini ya aina hiyo na kuambiwa kwamba tatizo ni gasketi tu atabadilisha gasketi mara nyingi bila kupona.

Na vumbi tusilisahau. Kuanzia Mei hadi Novemba hapa mvua huwa haba sana, na anayekwenda Hombolo au Mvumi kwa barabara ya udongo anavuta mchanga laini ndani ya injini ikiwa kichujio cha hewa kimechoka. Kukipuliza kwa upepo wa kompresa, jambo ambalo kila gereji inalifanya, kunaweza kutoboa karatasi yake kwa matundu yasiyoonekana, na baada ya hapo kinaonekana kisafi huku hakizuii kitu. Vumbi hilo hilo, pamoja na majani makavu na wadudu, linajaza nafasi kati ya rejeta na kipozeo cha kiyoyozi, mahali ambapo dereva haoni mpaka avifungue.

Mwalimu wa Kisasa

Ninawashukuru sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Kwa kuwa silinda imekwaruzwa, naona sina njia isipokuwa kununua injini ya mtumba. Nitaipimaje ikiwa imelala chini dukani, na je, kuna cha kufanya kwenye gari kabla haijafungwa?

Fundi Hedi, Majengo

Kwanza omba upimiwe ile silinda iliyokwaruzwa. Mkwaruzo ambao ukucha unapita bila kukwama wakati mwingine hauhitaji zaidi ya kusuguliwa na kuwekewa ringi mpya. Ukucha ukikwama, nakubaliana na fundi wako, kwa sababu silinda za injini hizi zina ukuta mwembamba na pistoni za kuzidisha ukubwa ni shida kuzipata.

Dukani, fungua mfuniko wa kujazia oili na umulike ndani kwa tochi. Chuma chenye rangi ya dhahabu iliyofifia ni ishara ya oili iliyobadilishwa kwa wakati; tabaka jeusi linalobanduka kama lami ni injini ya kuacha. Ukiona utando wa rangi ya maziwa uliotapakaa kote, inawezekana maji yameingia kwenye oili. Tazama mdomo wa njia ya maji pale themostati inapokaa: kutu nyekundu au ukoko ni ushahidi kwamba na hiyo iliwahi kuendeshwa kwa maji matupu. Toa plagi zote, na ile yenye ncha iliyolowa oili itakuonyesha silinda yenye shida. Kisha omba wapime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, plagi zote zikiwa nje na betri ikiwa na nguvu. Zingatia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo isizidi baa 1, kuliko namba yenyewe, maana katika kimo chetu usomaji unakuwa chini ya ule wa kitabu kwa takriban asilimia 12 hata kwa injini nzima. Nimeona injini nzuri zikikataliwa hapa kwa sababu hiyo.

Kuhusu gari, hapo ndipo watu wanapopoteza injini ya pili. Injini mpya inafungwa, lakini rejeta iliyojaa ukoko, mfuniko uliolegea na feni inayochelewa kuwaka vinabaki vile vile, kwa hiyo kilichoua ya kwanza bado kiko ndani ya gari kinasubiri. Rejeta ifunguliwe na kuoshwa ndani, au ibadilishwe kama imelika. Weka mfuniko mpya wenye namba ile ile, themostati mpya ya nyuzi zile zile, na mipira ya rejeta kama imelainika. Pampu ya maji ibadilishwe injini ikiwa bado nje, maana kuifikia baadaye ni gharama nyingine. Hakikisha feni inawaka yenyewe gari likiwa limesimama, wala usikubali iunganishwe moja kwa moja na betri, kwa kuwa ikifanya kazi bila kupumzika mota yake inaungua mapema na hutajua imekufa mpaka injini ichemke. Wakati wa kujaza kulanti, pua ya gari iinuliwe, swichi ya hita iwekwe upande wa joto, na injini iachwe ikiunguruma mpaka mapovu yaishe, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani ya hedi inaunguza sehemu ile ile iliyopinda mara ya kwanza.

Mwisho, nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoonyesha joto la maji kwenye simu. Andika joto unaloliona ukiwa tambarare kati ya Chamwino na Mbande, na lile unaloliona ukipanda kuelekea Gairo. Siku ambayo namba hizo zitapanda kwa nyuzi 5 au zaidi kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule, lete gari likaguliwe kabla ya safari nyingine. Hedi yako ya zamani usiiuze kama chuma chakavu. Iletwe Majengo niipime, kwani ikiwa njia zake za maji hazijalika bado ni kipuri kinachofaa.